Mfupa Hujua Maneno Mawili

Ukiwa Nyarero, kwenye vilima vya Tarime, nchi inakuteremkia pande mbili. Magharibi inashuka hadi Rorya na ufukwe wa Ziwa Viktoria. Kusini inashuka hadi Mto Mara, na ng'ambo ya mto ni Serengeti. Kaskazini kuna mpaka: Sirari upande wetu, Isebania upande wa Kenya, na Wakuria pande zote mbili. Nianze na mfupa uliookotwa huko ng'ambo ya mpaka.

Tarehe 29 Machi 1932, mahali paitwapo Kanam, kwenye rasi ya Homa kando ya Ghuba ya Winam, Juma Gitau, mmoja wa wachimbaji waliofanya kazi na mwanaakiolojia Louis Leakey, alipata kipande cha taya la chini la binadamu. Leakey alifurahi kupita kiasi, akatangaza kwamba amepata babu wa kale kuliko wote wa watu wa leo. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kukagua. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kuonyesha mahali pa ugunduzi havikuwepo tena. Inasemekana wavuvi walikuwa wameviona vyafaa kwa kazi yao. Boswell akarudi Uingereza akaandika makala iliyomvunjia Leakey heshima kwa miaka mingi.

Ugomvi kuhusu umri wa taya lile umeandikwa sana. Mimi linanivutia jambo jingine. Taya la Kanam lina uvimbe wa mfupa kidevuni, upande wa ndani. Waliolichunguza mwanzo walisema ni sarkoma, yaani saratani ya mfupa. Akaja aliyesema huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani tutakayoifikia mbele. Wakaja wengine waliosema si saratani hata kidogo, ni mvunjiko wa taya uliounga vibaya, au mfupa uliochokozwa na usaha. Taya liko London, wataalamu wamelipima, wamelipiga picha, na bado hawajakubaliana.

Huo si uzembe wao. Mfupa hujua maneno mawili tu: kujenga na kubomoa. Ukivunjika, ukiingiwa na usaha, ukikosa damu, ukivamiwa na saratani, jibu lake halitoki nje ya hayo mawili. Utajenga pale usipopaswa, au utabomoa pale usipopaswa, au utafanya yote kwa pamoja. Kwa hiyo magonjwa yenye asili tofauti kabisa huacha alama zinazofanana, na mama wa Nyarero anayetazama goti la mwanawe lililovimba anajiuliza swali lile lile lililowashinda maprofesa. Tofauti ni kwamba yeye hana miaka tisini ya kubishana.

Tuanzie kwenye mfupa mzima, maana ugonjwa wa nyumba huujui kama hujui nyumba ilivyojengwa.

Aliyewahi kusimama buchani siku ya mnada, fundi akipasua mfupa wa paja wa ng'ombe, ameshaona nusu ya somo. Nje kuna ganda gumu, zito, jeupe. Karibu na kiungo, ndani ya ganda, kuna mfupa wa vitundu kama sega la nyuki, mwepesi lakini usiobonyea. Katikati ya mfupa mrefu kuna uwazi uliojaa uboho, ule ambao wazee huugombea. Kwa mnyama mchanga uboho mwingi ni mwekundu, kwa sababu humo ndimo damu inamotengenezwa. Kwa mkubwa sehemu kubwa ya mifupa ya miguu imebaki na uboho wa njano, yaani mafuta, na kazi ya damu imehamia kwenye mbavu, nyonga, kifua na pingili za mgongo. Juu ya ganda kuna utando mwembamba ambao mchinjaji huukwangua bila kuufikiria. Utando huo una mishipa mingi ya fahamu. Ukipigwa kwenye muundi, huo ndio unaolia, na uvimbe wa mfupa unapoanza kuusukuma kutoka ndani, huo ndio unaomwamsha mgonjwa usiku.

Ugumu wa mfupa unaelezeka vizuri kwa nyumba zetu za zamani. Ukuta wa fito na udongo una vitu viwili visivyofanana. Udongo peke yake unabeba mzigo, lakini ukiuvuta unapasuka. Fito peke yake zinavumilia kuvutwa na kupindwa, lakini hazibebi paa. Ukivichanganya unapata ukuta. Fito za mfupa ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Udongo wake ni chumvi ngumu ya kalsiamu na fosfeti, ambayo ni karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu. Jaribu mwenyewe. Loweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki siku kadhaa, ukibadilisha siki: chumvi itayeyuka, na mfupa utaupinda kama mpira. Uchome mwingine motoni hadi uwe mweupe: kolajeni imeungua, na mfupa utasagika kati ya vidole.

Ila mfano wa nyumba unakwama mahali pamoja. Ukuta ukishakauka umekufa. Mfupa uko hai, na mafundi wake hawaondoki. Wako wajenzi, osteoblasti, wanaomwaga kolajeni na kuiwekea chumvi. Wako wabomoaji, osteoklasti, seli kubwa zinazotoa asidi na kula mfupa uliochakaa. Na wako osteositi, ambao ni wajenzi waliozibiwa ndani ya ukuta walioujenga wenyewe. Hawafi, wananyoosha vinyuzi kupitia mifereji midogo sana na kupeana habari: hapa pamelemewa, pale pamepata ufa. Katika mtu mzima karibu sehemu moja ya kumi ya mfupa wote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Mifupa aliyo nayo mzee wa Tarime leo si ile aliyoingia nayo jando.

Mwili hutengeneza mfupa kwa njia mbili. Mifupa bapa ya fuvu, na sehemu kubwa ya mtulinga, hujengwa moja kwa moja ndani ya utando laini. Mifupa ya mikono na miguu huanza kama sanamu ya gegedu, kitu kile kile laini kilichomo sikioni, kisha chumvi inaingia na gegedu linapisha. Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300 vya mfupa na gegedu. Mtu mzima hubaki na mifupa 206, kwa sababu vingi vimeungana. Mtulinga ndio wa kwanza kuanza kuwa mfupa tumboni mwa mama, na ndio wa mwisho kumaliza, mtu akiwa tayari amevuka miaka 20.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mfupa mrefu haurefuki katikati. Unarefuka kwenye utepe mwembamba wa gegedu ulio karibu na kila ncha, gegedu la ukuaji. Mpasue ndama mfupa wa mguu utauona mstari huo, mweupe wa samawati, unaokata mfupa karibu na kiungo. Kwa ng'ombe mzee haupo, na mchinjaji mzoefu hahitaji kuangalia meno kujua umri. Katika mstari huo seli hugawanyika kwa kasi, hujipanga safu kama matofali, huvimba, hufa, na wajenzi wa mfupa huingia kwenye nafasi zake. Kasi kubwa kuliko zote iko kwenye goti: ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi. Kijana anapopanda ghafla, suruali ikawa fupi ndani ya muhula mmoja, urefu mwingi wa mguu umetoka hapo. Balehe inapokomaa, homoni ya estrojeni, kwa wavulana pia, hulifunga gegedu hilo na urefu unakoma. Ukumbuke mstari huu. Tutaurudia.

Mfupa pia ni ghala. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imewekwa humo, na damu ikipungukiwa hukopa bila kuomba ruhusa. Kwa upande huu vilima vya Tarime havina sababu ya kulalamika sana: ugali na uji wa ulezi, nafaka yenye kalsiamu nyingi kuliko mahindi kwa mbali, maziwa mgando, dagaa wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao, na jua. Ukuria na ng'ombe havitenganishwi. Hatari ni pale ulezi unapoachwa kwa dona na sembe kwa sababu sembe ndiyo ya kisasa.

Na ghala linaweza kudanganywa. Maji ya chini ya milima ya volkano huko Arumeru, eneo la Maji ya Chai likiwamo, yana floridi nyingi. Mfupa huipokea mahali pa sehemu ya chumvi yake, na watu wamepata meno ya kahawia na wengine miguu iliyopinda. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wasichana wa viwanda vya saa huko New Jersey, Marekani, waliopaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu na kuichonga brashi kwa midomo, waliingiza mwilini kitu ambacho mfupa uliona ni kama kalsiamu ukakihifadhi. Baadhi yao taya zilioza. Wengine, miaka baadaye, walipata sarkoma za mfupa. Ni moja ya sababu chache za saratani hii zinazojulikana wazi.

Mvunjiko niuseme kwa haraka, kwa kuwa bodaboda zimeshatufundisha. Damu huganda kwenye mwanya, gegedu la dharura hujengwa, mfupa wa kwanza, mbaya na mnene, huwekwa, kisha wabomoaji wanauchonga kwa miezi hadi urudi umbo. Hogo halitibu chochote; linashikilia tu. Ndiyo maana wale wataalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa huwa na wagonjwa waliopona kweli kweli: ukinyoosha mfupa na kuufunga vizuri kwa vijiti, mwili unamaliza kazi. Sina ugomvi nao kwa mvunjiko mwepesi uliofungwa bila kukaza damu. Ugomvi unaanza wanapopelekewa mfupa ambao haukuvunjika.

Uvimbe wa mfupa, basi. Ni wajenzi au jamaa zao walioacha kusikiliza amri. Uvimbe mwingi si saratani. Wa kawaida kuliko wote ni pembe ya mfupa yenye kofia ya gegedu, inayochomoza karibu na goti la kijana na kukoma kukua yeye anapokoma. Kama haibani mshipa, iache. Kuna kivimbe kidogo kama punje ya kunde kinachouma usiku na kutulia kwa aspirini kiasi cha kumshangaza mgonjwa mwenyewe. Kuna uvimbe wa seli kubwa, unaopenda watu wa miaka 20 hadi 40, unaokula ncha ya mfupa hadi ganda linabaki kama la yai. Kwa kawaida hausambai, lakini ukikwanguliwa vibaya hurudi.

Saratani zinazoanzia kwenye mfupa wenyewe ni chache sana, chini ya moja katika kila mia ya saratani zote. Zinapewa majina kwa kile zinachotengeneza. Inayotengeneza mfupa ni osteosarkoma. Inayotengeneza gegedu ni kondrosarkoma, ya watu wazima, nyongani na begani, ya polepole. Sarkoma ya Ewing, aliyoieleza daktari Mmarekani James Ewing mwaka 1921, haitengenezi chochote cha kuonekana, ni seli ndogo za duara. Kwa watu wenye asili ya Afrika ni adimu sana, na daktari wa hapa anayeletewa jibu hilo hana budi kuuliza mara ya pili. Asikudanganye mtu kwamba haya ni magonjwa ya vyakula vya siku hizi. Mwaka 2016 ilichapishwa habari ya mfupa wa wayo kutoka pango la Swartkrans, Afrika Kusini, wenye umri wa takriban miaka milioni 1.7, na ndani yake osteosarkoma.

Sasa turudi kwenye mstari wa gegedu. Osteosarkoma hupenda mahali na wakati ambapo ujenzi una kasi: kati ya miaka 10 na 20, na zaidi ya nusu yake ni kuzunguka goti, kisha begani. Hakuna fumbo kubwa hapo. Seli zikigawanyika kwa wingi, makosa ya kunakili nayo huongezeka, na mahali penye mafundi wengi ndipo fundi mmoja anapoharibikiwa. Wachache huzaliwa na kasoro inayowaelekeza huko. Mtoto aliyepona saratani ya jicho ya kurithi, kwa mfano, anahitaji kuangaliwa mifupa yake ujanani.

Mgonjwa wa kawaida ni kijana mwenye afya nzuri. Anacheza mpira. Goti linauma, inasemwa aligongwa. Na kweli aligongwa, nani anacheza mpira bila kugongwa? Lakini hakuna ushahidi kwamba teke huleta saratani. Teke humfanya mtu atazame goti ambalo tayari lilikuwa na jambo. Wiki mbili zinapita, anachuliwa kwa mafuta. Mwezi unapita, uvimbe una joto, mishipa ya juu imetuna, na anaamka usiku. Hapo maneno yanabadilika: amekanyaga kitu, ametupiwa. Anachanjwa. Miezi mitatu baadaye anafika hospitali, na wakati huo seli zimeshasafiri kwa damu hadi mapafuni, maana osteosarkoma hupenda mapafu.

Kuna imani moja inayostahili kuheshimiwa kabla ya kukanushwa: kwamba mguu ukikatwa ndipo saratani inasambaa na mtu anakufa. Waliosema hivyo hawakubuni. Waliona. Kabla ya miaka ya 1970, duniani kote, wagonjwa wa osteosarkoma waliokatwa mguu bila dawa walipona chini ya mmoja kati ya watano, Ulaya na Marekani kama hapa. Kisu hakikusambaza kitu. Mbegu zilikuwa zimeshafika mapafuni, ndogo mno kuonekana kwenye picha, na zikaota baadaye. Kilichobadilisha mambo ni dawa za kuua seli za saratani, zikitolewa kabla na baada ya upasuaji. Pale zinapopatikana kwa mpangilio, na ugonjwa haujasambaa, karibu wawili kati ya watatu hupona, na wengi hawapotezi mguu. Kwa hiyo kumkata kijana mguu kisha kumrudisha nyumbani bila dawa ni kumthibitishia jirani imani yake. Nasema hivi kwa wataalamu zaidi kuliko kwa jirani.

Kwa watu wazima hesabu inageuka. Saratani inayokutwa kwenye mfupa wa mtu wa miaka 60 mara nyingi si mwenyeji. Ni mgeni kutoka kwenye titi, tezi dume, pafu, figo au tezi ya shingo. Mgeni wa tezi dume huamrisha kujenga, na picha ya uti wa mgongo huonekana nyeupe kupita kawaida. Wa figo na wa tezi ya shingo hubomoa. Wa titi hufanya yote mawili. Mieloma, saratani ya uboho, hutoboa mashimo kama ya risasi kwenye fuvu na mbavu bila kujenga chochote pembeni. Mzee anayelalamika kiuno miezi mitatu, na maumivu hayatulii hata akilala, asipewe dawa za kutuliza tu na kuambiwa ni uzee. Apimwe tezi dume. Bibi naye aangaliwe matiti.

Halafu kuna waigizaji, na Kanda ya Ziwa inao wengi. Usaha ndani ya mfupa kwa mtoto huleta joto, uvimbe na picha inayoweza kumdanganya hata daktari. Selimundu, ambayo kanda hii ni miongoni mwa zilizoathirika zaidi nchini, huziba mishipa midogo ya damu, mfupa ukafa vipande na ukavimba. Kifua kikuu hukaa kwenye pingili za mgongo, zikabomoka mbele, mtoto akatoka kibiongo. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haina faida kwa kingine.

Na kuna mwigizaji mkubwa kuliko wote, aliyeipa wilaya hii nafasi katika historia ya tiba bila wenyeji kujua.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto aliyevimba taya pande zote, meno yakielea. Baadaye akamwona mwingine vivyo hivyo. Burkitt, ambaye alikuwa na jicho moja tangu ajali ya utotoni, aliona jambo ambalo wenye mawili walikuwa wamelipita; uvimbe wa taya kwa watoto ulikuwa umeandikwa huko Mengo tangu siku za mmisionari Albert Cook. Makala yake ya mwaka 1958 iliuita sarkoma ya taya. Alikosea jina: haukuwa mfupa uliogeuka, ni seli za kinga, limfositi, zilizovamia taya. Ndiyo limfoma ya Burkitt. Hukua kwa kasi ya kutisha, hata kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo hiyo huyeyuka haraka kwa dawa.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walipanda gari la zamani wakazunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali hadi hospitali: mna watoto wa namna hii? Ramani iliyotoka ilishangaza. Karibu na ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa unapotea. Ulifuata joto na mvua. Ulifuata malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, London, waliona kirusi ndani ya seli zilizotoka Uganda, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ila kirusi hicho karibu kila mtu duniani anacho. Kwa nini basi kiue watoto wa ziwani na si wa Ulaya? Swali hilo lilihitaji mahali penye sura zote mbili, uwanda wa malaria ya mwaka mzima na vilima baridi, na penye mtu anayeandika kila mgonjwa. Pakapatikana: Mara Kaskazini, wilaya ambayo leo ni Tarime na Rorya. Hospitali ya Wamenonaiti ya Shirati ilikuwa na rejesta ya wagonjwa kuanzia mwaka 1964, na daktari Glen Brubaker aliifanyia kazi pamoja na watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani la Lyon. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini mara kwa mara ili kuona kama malaria ikishuka, limfoma nayo itashuka.

Ilishuka. Miaka ya 1980 na 1981 wagonjwa walikuwa wachache kuliko wakati wowote tangu rejesta ianze. Ugawaji ulipokoma, kufikia mwaka 1984 ugonjwa ulikuwa umerudi juu. Mwandishi mwenye haraka angeishia hapo na kupiga makofi. Watafiti wenyewe hawakupiga. Limfoma ilikuwa imeanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza kugawiwa. Na malaria, baada ya kushuka ghafla, ilipanda tena wakati vidonge bado vinagawiwa, kwa sababu vimelea vilishaizoea klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliiacha rasmi mwaka 2001. Waliandika kwamba jaribio halikuthibitisha jambo bila shaka. Naupenda unyofu huo kuliko ambavyo ningeupenda ushindi. Ushahidi uliofuata, kutoka sehemu nyingine, umeelekea upande ule ule: malaria ya kujirudiarudia huidhoofisha kinga inayokizuia kirusi, na kuzichokoza seli zile zile hadi moja inakosea.

Sasa tuseme uvimbe upo, na hatujui ni upi kati ya hawa wote. Hatua ya kwanza si ya gharama kubwa: picha ya eksirei, pande mbili, ikionyesha mfupa mzima pamoja na kiungo. Msomaji wa picha anatafuta yale maneno mawili. Je, mfupa umejenga ukuta safi kuzunguka uvimbe? Basi uvimbe ni wa polepole, mfupa umepata muda wa kujihami. Je, mpaka haueleweki, mfupa mpya umechomoza kama miale ya jua, na utando wa juu umeinuliwa ukaacha pembetatu ukingoni? Pembetatu hiyo ina jina la Ernest Codman wa Boston, na ukiiona usilale. Lakini haithibitishi, usaha nao unaweza kuinua utando.

Kinachothibitisha ni patholojia: kipande cha nyama kilichokatwa, kikapakwa rangi, kikatazamwa kwa hadubini. Na hapa kuna kosa linalofanywa na watu wenye nia njema. Kipande cha uvimbe wa mfupa kikikatwa mahali pasipofaa, njia ya kisu inapanda seli kwenye nyama safi, na kijana ambaye angehifadhi mguu anaupoteza. Kanuni ya kazi hii ni kwamba anayechukua kipande awe yule yule, au wa timu ile ile, atakayefanya upasuaji wa mwisho. Na jibu la hadubini lisisomwe bila picha pembeni: chini ya hadubini, mfupa unaounga baada ya kuvunjika unaweza kufanana na osteosarkoma. Tumerudi Kanam.

Kwa mtu wa Nyarero, hospitali ya wilaya iko Tarime mjini na picha inaweza kupigwa huko. Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iko Musoma. Bugando, Mwanza, ina madaktari wa mifupa, maabara ya patholojia na kitengo cha saratani chenye mionzi. Kutoka Tarime ni safari ya nusu siku kwa basi. Zaidi ya hapo ni hospitali ya KCMC, Moshi, au Dar es Salaam, ambako kuna Taasisi ya Mifupa ya MOI, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na wodi ya saratani za watoto ya Muhimbili, ambayo kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha huwatibu watoto bila kuwatoza wazazi. Ikibidi mguu ukatwe, mafundi wa miguu ya bandia wanafunzwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, tangu mwaka 1981. Ngazi zipo. Kinachopotea ni miezi ya kwanza, ile ya mafuta na chale, na wakati mwingine ya zahanati inayotoa diklofenaki mara tatu mfululizo bila kuandika barua ya rufaa.

Maumivu ya kawaida ya ukuaji huwa miguu yote miwili, huja jioni na asubuhi mtoto anakimbia. Yakiwa mguu mmoja, mahali pale pale, yakimwamsha usiku kwa zaidi ya wiki tatu, au kukiwa na uvimbe usiopungua, au jino la mtoto linalegea na shavu linatuna, mpeleke apigwe picha wiki hiyo. Asichuliwe. Asichanjwe. Na ewe tabibu wa zahanati, ukiona picha usiyoielewa, usimkate kipande. Mwandikie rufaa, umpe na picha mkononi aende nayo.